Gari limezimwa, nani anakula betri?

Swali: Fundi, nina gari dogo la zamani la petroli. Nikilitumia kila siku halina neno, lakini likilala siku mbili, nikigeuza ufunguo linatoa ule mlio wa tk-tk-tk na taa za dashibodi zinafifia. Betri ni mpya, haijafika hata nusu mwaka. Fundi wa kwanza alisema ni altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, akanifungia nyingine iliyotumika, na hali ikabaki ile ile. Siku hizi kila jioni nachomoa waya wa hasi, na asubuhi linawaka kama kawaida. Ajabu ni kwamba kuna mara mojamoja nasahau kuchomoa na bado linawaka baada ya siku tatu. Redio ilifungwa na mwenye gari wa kabla yangu. Nimenunua mita ya kidijitali. Nipime nini, wapi, na nichunge nisiunguze nini?

Jibu: Kwa huo mchezo wa kuchomoa waya kila jioni umeshafanya kipimo kikubwa bila mita. Betri mbovu, yenye seli iliyopiga shoti kwa ndani, hujiishia yenyewe hata ikiwa imekaa sakafuni haijaunganishwa na chochote. Yako ukiitenga na gari inalala na kuamka na chaji yake. Na altaneta isiyochaji ingekusumbua hasa siku unazoendesha, lakini siku hizo ndizo huna shida. Kwa hiyo kuna kitu ndani ya gari kinaendelea kunywa umeme baada ya wewe kuondoka na ufunguo mfukoni. Ila usimtoe altaneta kwenye orodha ya watuhumiwa kwa sababu tu ilibadilishwa. Kuchaji vizuri mchana hakuizuii kula betri usiku, na hiyo uliyofungiwa ni ya kutumika. Nitaifikia.

Kabla hujagusa spana, piga hesabu. Watu wengi huruka hatua hii, kisha wanazunguka gari zima wakigusagusa waya. Betri ya gari dogo mara nyingi ni ya ampea-saa 45 hadi 60, yaani ingetoa ampea moja kwa saa 45 hadi 60. Chukua 60. Ili ishindwe kuzungusha stata, mota ya kuwashia injini, inatosha ipoteze zaidi kidogo ya nusu, tuseme ampea-saa 35. Gawanya kwa saa 48 za siku mbili, unapata kama ampea 0.7. Ukumbuke pia kwamba betri yako imeshaishiwa mara kadhaa, na kila inapoishiwa hupoteza sehemu ya uwezo wake moja kwa moja. Basi inawezekana mlaji wako ni mdogo zaidi, ampea 0.3 au 0.4. Hapo ndipo tunapomtafuta: kati ya ampea 0.3 na 0.8.

Ona jinsi namba hiyo inavyopunguza orodha. Saa ya dashibodi hula miliampea chache tu, haiwezi kuangusha betri kwa siku mbili. Kumbukumbu za redio ni hivyo hivyo. Alamu nzima yenye king'ora hula kwa kawaida miliampea 20 au 30, yaani kwa siku mbili haifiki hata ampea-saa mbili. Upande wa pili, taa za breki zilizogoma kuzima, mbili za wati 21 kila moja, hula kama ampea 3.5. Hizo zingemaliza betri usiku mmoja, na jirani angekuambia. Wanaobaki katikati ni taa ndogo ya wati 5, ambayo hula ampea 0.4, taa mbili za namna hiyo, amplifaya isiyolala, redio iliyounganishwa vibaya, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyobaki imevuta pamoja na kile inachokiendesha, au daiodi ya altaneta (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) inayovuja. Na ile habari ya kwamba wakati mwingine gari linawaka baada ya siku tatu inaniambia kitu kingine: mlaji wako si wa kudumu. Kuna kinachokwama leo na kuachia kesho. Hiyo itatulazimisha kupima kwa uangalifu zaidi ya kawaida.

Anza na volti, kwa sababu ni kipimo salama na huwezi kuunguza kitu. Endesha gari au lichaji, lizime, liache lipoe saa kadhaa, kisha pima betri. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni kama nusu, na 12.0 imebaki karibu robo. Washa injini, pima tena: kati ya 13.8 na 14.5 altaneta inachaji. Andika vipimo vyako, usitegemee kichwa. Pima jioni na asubuhi kwa siku tatu nne mfululizo bila kuchomoa waya, na pembeni andika ulichofanya kabla ya kulizima: ulifungua buti, ulisikiliza redio, ulitumia feni, mlango gani ulifungwa mwisho. Kwa mlaji anayekuja na kuondoka kama wako, daftari hilo linaweza kukuonyesha kitu ambacho mita peke yake isingekuonyesha.

Sasa ampea. Hapa ndipo mita nyingi hufa. Kupima volti unagusa pande mbili za betri. Kupima ampea hufanyi hivyo hata siku moja, kwa sababu mita ikiwa kwenye ampea ni kama kipande cha waya mtupu: ukiigusisha chanya na hasi umepiga shoti betri inayoweza kumwaga mamia ya ampea. Ampea hupimwa kwa kuikatisha njia na kuifanya mita iwe sehemu ya njia. Chomeka waya mweusi wa mita kwenye tundu la COM, na mwekundu kwenye tundu lililoandikwa 10A, si lile la mA. Zungusha kitufe hadi ampea za DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti papo hapo, kabla hata ya kufunga boneti. Mita nyingi haziungui wakati wa kupima ampea. Huungua baadaye, mtu anapokwenda kupima volti huku waya umebaki kwenye tundu la ampea.

Tunafanyia kazi upande wa hasi, kwa sababu spana ikigusa bodi ukiwa upande huo hakuna cheche. Vua pete na saa ya chuma. Kama redio yako ni ya kudai namba ya siri ikikosa umeme, itafute namba hiyo kwanza, ingawa kwa jinsi unavyochomoa waya kila jioni nadhani ungeshajua.

Kuna mtego ambao mafundi wengi hawausemi, na kwako wewe ndio wenye uzito. Ukichomoa waya wa hasi kisha ukaweka mita, umeikata njia, hata kama ni kwa sekunde mbili. Rilei iliyokuwa imekwama huachia. Kisanduku cha elektroniki kilichokuwa kimegoma kulala hujianza upya na sasa kinalala vizuri. Unasoma miliampea 20, unasema gari ni zima, unafunga boneti, na baada ya siku mbili tk-tk-tk. Ndiyo maana unahitaji waya wa msaada: kipande cha waya mnene kidogo chenye vibano viwili vya meno. Banisha upande mmoja kwenye terminali hasi ya betri yenyewe, upande wa pili kwenye waya wa hasi wa gari, sehemu ya chuma. Sasa legeza nati na uchomoe kichwa cha waya wa hasi wa gari kwenye terminali. Gari halijajua kitu, umeme unapita kwenye waya wako wa msaada. Weka mita sambamba na waya huo: ncha nyekundu kwenye waya wa gari, nyeusi kwenye terminali ya betri. Ndipo uondoe waya wa msaada, na umeme wote upite kwenye mita bila kukatika hata mara moja. Ukitaka kufungua mlango au kugusa kitu chochote kinachoweza kuvuta umeme mwingi, rudisha waya wa msaada kwanza. Unailinda mita na unahifadhi hali uliyoikuta.

Kama una hofu kwamba kinachovuja ni kikubwa kuliko mita yako, tumia taa ya kawaida ya gari, ile ya breki ya wati 21, mahali pa mita kabla ya kuweka mita. Ikiwaka kwa nguvu, kuna ampea nzima au zaidi zinapita. Ikiwa nyekundu hafifu au haiwaki kabisa, mita iko salama. Na ukiwa umeunganisha mita usigeuze ufunguo kabisa. Stata huvuta ampea mia na ushee, na mita ya ampea 10 haitasubiri uombe radhi.

Jambo la milango. Utahitaji kufikia fyuzi za ndani, na mlango ukiwa wazi taa ya ndani inawaka na kuharibu kipimo. Kwenye magari ya umri wa lako mara nyingi swichi ya mlango ni kile kipini cha mpira kwenye nguzo ya mlango. Kibonyeze kwa ndani na ukifunge kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Kama swichi iko ndani ya kitasa, isukume ile ndoano ya kitasa kwa bisibisi mpaka ilie kama mlango umefungwa, na ukumbuke kuvuta mkono wa kitasa kuiachia kabla ya kufunga mlango, la sivyo utaukunja. Shusha kioo kimoja, na ufunguo uwe nje ya gari. Kisha ngoja. Gari la kabureta hutulia mara moja. Lenye kompyuta ya injini na alamu linaweza kuchukua nusu saa kabla ya kila kitu kulala, kwa hiyo usikimbilie kuandika namba ya kwanza unayoiona.

Ukisoma miliampea 10 hadi 30, gari la zamani limetulia. Mpaka 50 sina ugomvi nalo: ni ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri nzima ingevumilia wiki tatu hivi. Juu ya hapo, na hasa ukiona zile 0.3 hadi 0.8, umemkuta nyumbani.

Kumtafuta alipo kuna njia mbili. Njia inayojulikana na wengi ni kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku ukiangalia mita. Ukichomoa moja na namba ikaporomoka, mstari wake ndio wenye tatizo. Njia hii inafanya kazi, na kwa gari lisilo na elektroniki nyingi siisemi vibaya. Lakini kuchomoa fyuzi ni kukata njia, na tumeshasema kinachokwama huachia kikikatwa. Zaidi ya hapo, kurudisha fyuzi huamsha visanduku, nawe unangoja tena.

Mimi napenda njia ya pili, ambayo haikati chochote na haihitaji hata kuchomoa betri. Fyuzi ni waya mwembamba, na waya wowote unaopitisha umeme huwa na tofauti ndogo ya volti kati ya ncha zake. Fyuzi za bapa zina vitobo viwili vidogo juu, mgongoni, vinavyoonyesha chuma. Weka mita kwenye milivolti za DC, gusa kitobo kimoja kwa ncha nyekundu na kingine kwa nyeusi. Ikisoma sifuri, hakuna kinachopita. Ikisoma kitu, kuna kinachopita. Kwa fyuzi ya ampea 10, kila milivolti moja ni kama ampea 0.13, kwa hiyo mlaji wa ampea 0.7 ataonekana kama milivolti tano na kidogo. Kwa fyuzi ya ampea 20, milivolti moja ni karibu ampea 0.3. Namba hizi hupishana kidogo kwa aina ya fyuzi, ila wewe hutafuti usahihi wa maabara, unatafuta fyuzi ambayo si sifuri. Kama gari lako bado lina zile fyuzi za kioo au za kauri, pima kwenye vichwa vyao vya chuma. Unazunguka sanduku zima kwa dakika chache, la ndani na la chini ya boneti, na unaweza kurudia asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha na tatizo lake halijaguswa. Kwa gari lenye tabia ya kugoma leo na kupona kesho, hii ndiyo njia.

Ukiwa hapo hapo na mita, fanya kipimo kingine ambacho hakichukui muda. Ufunguo nje, weka mita kwenye volti, ncha nyeusi kwenye chuma cha bodi, nyekundu iguse kila fyuzi. Zenye volti 12 ni zile zinazopata umeme muda wote: taa ya ndani, honi, taa za hatari, breki, kumbukumbu ya redio. Zisizo na kitu ni zinazoamshwa na ufunguo. Sasa ukikuta fyuzi ya waipa au ya feni ina volti 12 wakati ufunguo uko mfukoni mwako, umegundua kwamba swichi ya ufunguo imechakaa na hairudi mwisho, au rilei kuu imegandana. Swichi za zamani huchakaa hivyo. Unageuza kuzima, unatoa ufunguo, na ndani bado mguso mmoja umeshikana nusu. Siku nyingine unageuza kwa nguvu kidogo zaidi na inaachia. Inalingana na hadithi yako, kwa hiyo usiiruke.

Fyuzi ikishapatikana, usidhani umemaliza, kwa sababu fyuzi moja hulisha vitu vingi. Ile ya taa ya ndani katika magari mengi hubeba pia taa ya buti, saa, kumbukumbu ya redio na waya wa alamu. Soma kifuniko cha sanduku, kisha chomoa soketi za vifaa hivyo kimoja kimoja huku ukitazama mita.

Taa ya buti na ya kisanduku cha dashibodi ndizo za kwanza kuangalia, kwa sababu ni rahisi na zina makosa mengi. Ampea 0.4 kwa siku mbili ni karibu ampea-saa 20, na betri iliyokwisha kuchoka haivumilii hiyo. Weka simu inayorekodi video ndani ya buti, funga, subiri, fungua, tazama. Usiku ni rahisi zaidi: mtu mmoja mwembamba alale kiti cha nyuma, akunje mgongo wa kiti achungulie. Kisanduku cha dashibodi, kifungue ghafla na uiguse taa kwa haraka. Taa iliyokuwa inawaka huwa ya moto. Mfuniko uliopinda ambao siku nyingine unabonyeza swichi na siku nyingine haufiki ungeeleza kabisa kwa nini mara mojamoja gari linakuvumilia.

Redio naitilia shaka sana, na nitakwambia kwa nini. Redio za kufunga baadaye zina waya wa njano unaotakiwa kupata umeme muda wote kwa ajili ya kumbukumbu, na mwekundu unaotakiwa kupata umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu. Aliyefunga kwa haraka akikosa mstari wa ufunguo, huunganisha njano na nyekundu pamoja kwenye umeme wa muda wote. Redio inapiga, mwenye gari anafurahi. Lakini sasa inazimwa kwa kitufe tu, na ndani haijalala. Pima waya mwekundu nyuma ya redio ufunguo ukiwa nje: inatakiwa sifuri. Kama kuna amplifaya, tafuta waya wa buluu au buluu yenye mstari mweupe unaotoka redioni kwenda kuiamsha. Nao unatakiwa kuwa sifuri redio ikiwa imezimwa. Ukikuta volti 12, amplifaya inakesha. Ukiwa nyuma ya dashibodi angalia pia viungio vilivyokunjwa kwa mkono na kufungwa selotepu, maana wanaofunga redio hivyo hufunga na alamu hivyo hivyo.

Rilei: gari likiwa limelala saa kadhaa, ziguse moja moja kwa kidole. Iliyovuta huwa na uvuguvugu, kwani koili yake, ule waya uliozungushwa unaoivuta, peke yake hula kama ampea 0.15. Ila rilei ambayo miguso yake imeungua na kushikana haitakuwa na joto lolote, koili imeshaachia lakini umeme unapita. Hiyo utaijua kwa milivolti za fyuzi yake, au kwa kuigonga kwa mpini wa bisibisi huku mita ikisoma. Namba ikianguka baada ya kugonga, weka alama, nunua nyingine, na usidanganyike kwamba umeitengeneza.

Sasa tuseme umepima fyuzi zote, hakuna inayosoma kitu, au umezichomoa zote na mita bado inasema ampea 0.6. Hapo wengi hukata tamaa, wakati kwa kweli wamebakiwa na vitu vitatu tu. Kuna waya mnene unaotoka betri kwenda altaneta, kuna wa stata, na kuna nyaya zozote zilizofungwa moja kwa moja kwenye chanya ya betri na mtu wa alamu au wa muziki. Hizi hazipiti kwenye sanduku dogo la fyuzi unalolijua. Altaneta kwa kawaida hulindwa na fyuzi kubwa ya kukaza kwa nati, au waya wa kuyeyuka, au haina kinga kabisa.

Altaneta ina daiodi, angalau sita, zinazogeuza umeme wake kuwa wa upande mmoja. Kazi yao nyingine ni kuzuia betri isirudishe umeme ndani ya altaneta injini ikiwa imezimwa. Moja ikivuja, altaneta inaweza kuendelea kuchaji volti 14 safi mchana, na usiku ikawa mlango wa kutokea. Dalili ya kwanza ni mkono wako: asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, gusa mgongo wa altaneta. Kama una uvuguvugu kuliko chuma cha jirani, umeipata. Dalili ya pili, washa injini na taa kubwa, weka mita kwenye volti za AC, yaani umeme wa kwenda na kurudi, na upime betri. Zaidi ya nusu volti ni ya kutilia shaka. Kuna mita hapa hutoa namba za uongo kwa sababu zinachanganya DC na AC, kwa hiyo geuza ncha upime tena. Kama upande mmoja ni sifuri na mwingine ni volti ishirini na kitu, mita ndiyo inayodanganya, si altaneta. Uthibitisho kamili ni kuitenga: betri ikiwa imechomolewa hasi, fungua nati ya waya mnene mgongoni mwa altaneta, uvike mpira au selotepu ya umeme ili usiguse chochote, chomoa na soketi yake ndogo, kisha rudisha mita. Namba ikiwa imeanguka, peleka altaneta kwa fundi wa altaneta abadilishe sahani ya daiodi. Si lazima kununua nzima tena.

Jambo dogo la mwisho kwenye betri yenyewe. Uchafu wa mafuta na tindikali juu ya boksi hupitisha umeme kidogo kati ya terminali mbili. Gusa ncha moja ya mita ya volti kwenye hasi, na nyingine itambaze juu ya plastiki. Ukisoma nusu volti au zaidi, osha kwa maji yaliyochanganywa na magadi ya kuokea, vifuniko vikiwa vimefungwa, suuza, kausha. Haiwezi kuwa sababu ya ampea 0.7, lakini hakuna sababu ya kuiacha.

Kwa utaratibu, ningekuwa mimi mbele ya gari lako ningeanza na daftari la volti na milivolti za fyuzi asubuhi ya siku ambayo gari limegoma au limekaribia kugoma, kabla sijagusa chochote. Nikikuta fyuzi ya taa ya ndani inasoma, naenda buti na redio. Nikikuta fyuzi za ufunguo zina umeme, naenda swichi na rilei. Zote zikiwa sifuri, nashika altaneta mkononi. Kuchomoa fyuzi ovyo kungekuwa jambo la mwisho.

Ukishampata na kumtengeneza, usitegemee altaneta kurudisha chaji ya betri iliyoishiwa. Safari fupi hazitoshi, na ile risasi ya sahani za ndani ya betri iliyogeuka salfeti ikikaa muda mrefu huwa ngumu na hairudi tena. Iweke kwenye chaja ya polepole, kama ampea 6 kwa betri ya ampea-saa 60, mpaka ijae. Iache itulie usiku mmoja imechomolewa, upime. Ikiwa asubuhi haifiki 12.5, imeumia, na hata gari likiwa zima kabisa utaona muda wake umepungua. Kisha rudia kipimo cha ampea, na siku tatu nne za daftari, kwa sababu mlaji wa kuja na kuondoka anaweza kukupa usiku mmoja mzuri kwa bahati.

Na kama kazi itachukua muda kabla hujampata, badala ya kuchosha nati ya hasi kila jioni, funga ile swichi ya kukata betri upande wa hasi. Ni sawa kwa muda, mradi usiigeuze injini ikiwa inazunguka. Altaneta ikipoteza betri ghafla volti zake hupaa, na hapo unaweza kuua daiodi na kompyuta ya gari kwa mkupuo mmoja.